Jina Kwenye Chupa ya Mafuta

Duka la kwanza nililiendea mbali, kaskazini mwa jiji, kwa sababu niliona kwamba mtu akitaka kufanya jambo la aibu ni heri alifanyie pale asipokuwa na jirani. Lilikuwa kwenye jengo la maduka, kati ya saluni ya mbwa na duka la miwani, na mlangoni lilikuwa na alama ya msalaba wa kijani. Niliegesha gari, nikazima injini, nikabaki nimekaa. Watu waliingia na kutoka kama wanaonunua mkate. Bibi mmoja wa Kizungu alitoka na mkongojo mkono mmoja na mfuko wa karatasi mkono wa pili, akanitabasamia, na mimi nikainama nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Nilikuwa natafuta bangi. Niseme tu, maana nimelizunguka neno hili vya kutosha. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, katibu wa ushirika wa akina mama kanisani, mfanyakazi wa benki, binti wa polisi, nilikuwa nimejificha ndani ya gari langu mwenyewe saa nne asubuhi, nikitafuta mafuta ya bangi ya kumpa baba yangu.

Baba aliletwa Johannesburg baada ya kukatwa kipande cha utumbo kule nyumbani Kenya. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wametawanyika, na mume wangu, ambaye kazi yake iko Durban na huja nyumbani mwisho wa mwezi, ndiye aliyesema, “Mlete mzee hapa.” Tukampa chumba cha mbele, kile kinachopata jua la asubuhi. Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne, nilimpeleka kutiwa dawa ya saratani kwenye mshipa, na kila Jumanne, kabla ya dawa, alipandishwa kwenye mizani.

Mizani ile niliichukia. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa kilo tisini, mtu ambaye akiingia mlangoni chumba kinapungua. Sasa alikuwa na hamsini na tatu. Daktari alituambia waziwazi kwamba akishuka chini ya hamsini na mbili watasimamisha dawa, maana mwili usio na nyama hauwezi kuibeba. Kusimamisha dawa kulikuwa na maana moja tu, na sisi watatu tuliokuwa chumbani mle tuliijua.

Na baba hakuwa anakula. Haukuwa ukaidi. Harufu ya chakula ilimpindua tumbo kabla sahani haijafika mezani. Nilipika kila kitu alichowahi kukipenda, mukimo, supu ya mifupa, samaki wa kukaanga, hadi nikachoka kumwaga. Alichoweza ni uji wa wimbi, vijiko vinne au vitano, kisha analisukuma bakuli na kusema, “Asante, Mama.” Huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi, na tangu nizaliwe hajaniita vingine. Sasa mtu anayekuita Mama akikuambia ameshiba kwa vijiko vinne, wewe utalala vipi?

Ni daktari aliyeligusa jambo hili, kwa mbali. Vidonge vya kuleta hamu ya kula tulikuwa tumevijaribu bila mafanikio. Akasema wapo wagonjwa wake wanaotumia mafuta ya bangi na wanamwambia yanawasaidia kula. Yeye hawezi kuyaandika kwenye karatasi ya dawa, ila nikiamua kumpa baba, nimjulishe yeye daktari, na nianze na tone moja. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilitoka pale nikiogopa, maana nilijua ninaishi na nani.

Baba alikuwa polisi kwa miaka thelathini. Kuna watu ambao baba zao walichukia bangi. Wa kwangu aliiwinda. Aliijua harufu yake ikiwa mbichi, ikiwa kavu, ikiwa imefukiwa ndani ya gunia la mkaa. Mezani kwetu bangi ndiyo iliyokuwa mzizi wa kila ubaya, kuanzia wizi wa kuku hadi mtoto kufeli hesabu. Na baada ya bangi, kitu cha pili alichokichukia kilikuwa jina la uongo. “Mtu akikudanganya jina,” alisema, “amekudanganya yote.” Nadhani ndiyo maana nikaishia kwenye kazi hii niliyo nayo. Benki hunilipa kuhakikisha kwamba watu ni wale wanaosema kuwa ni wao.

Basi nilishuka garini, nikaingia kwenye lile duka. Sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima kupanda na kutumia kwake nyumbani. Kuuza ndiko kwenye utata, na penye utata ndipo wajanja hufungua maduka. Wanayaita klabu. Hununui, unajiunga, na ukishajiunga wanakuambia kwamba ule mmea ulikuwa wako tangu shambani, wao walikutunzia tu. Mteja akiniletea maelezo ya namna hiyo kazini, faili lake nalifunga siku hiyohiyo. Dada wa kaunta akaniomba pasipoti atoe nakala. Kibali changu cha kuishi nchini kilikuwa kimepelekwa kufanywa upya na kilikuwa mezani kwa mtu fulani kikingoja muhuri. Nikamwambia nimeisahau nyumbani, nikatoka nusu nikikimbia.

La pili lilikuwa mtaa wa Bellevue, nyuma ya nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, na huko pasipoti hawakuitaka. Huko hawakutaka chochote. Moshi ulikuwa mzito, muziki unagonga kifuani, na watu walikuwa wamejilaza kwenye makochi wakinitazama kwa upole mkubwa. Nilikuwa bado natafuta wa kumuuliza nikasikia sauti kutoka kwenye kochi la pembeni, Kiswahili safi cha Tanzania: “Shikamoo, mama!” Ukitaka kujua kama umejificha vizuri, ngoja uamkiwe shikamoo. Nikaitika marahaba kwa mazoea, nikageuka, nikaondoka, na siku mbili nzima nguo zangu zilininukia mimi peke yangu au zilimnukia kila mtu, sikujua.

La tatu lilikuwa hapahapa mtaani kwetu Kensington, kwenye barabara kuu, roboti tano, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, kutoka langoni kwangu. Zamani lilikuwa duka la dobi, na kibao cha dobi hawajakiondoa. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka yote nikienda kanisani. Mlinzi wa mlangoni alikuwa baba wa makamo, Mkongomani wa Lubumbashi, na alinisoma kabla sijafungua mdomo.

“Mama, usiogope,” akaniambia. “Batu yote banakuyaka hapa. Hata ba pasteur.” Yaani kila mtu huja hapa, hata wachungaji.

“Mimi siogopi,” nikasema.

“Njo vile. Funga basi gari, umeacha mlango wazi.”

Ndani palikuwa na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anafuma sweta. Nilimweleza habari za baba na hakuonyesha kushangaa. Akaniletea kichupa chenye mfuniko wa kudondoshea, akaniambia tone moja kwa siku tatu za kwanza, kisha mawili, kwenye chakula chenye mafuta kidogo. Kisha akanisogezea fomu. Jina kamili na sahihi, basi. “Umri wako nauona,” akasema, “na tusiuzungumzie.”

Kalamu ilikuwa mkononi na nafasi ya jina ilikuwa tupu. Jina langu lilikataa kuandikika. Niliona fomu ile ikifika benki, ikifika kwa mchungaji, ikifika kwenye meza ya yule mwenye muhuri. Nikatafuta jina lingine, lolote, na kichwa changu, ambacho kazini hushinda kati ya majina ya watu mamia, kikanipa moja tu. Nikaliandika lote, majina matatu, kwa herufi kubwa.

Lilikuwa jina la mama aliyekuwa akiuza uji kwenye lango la soko la mji wetu mdogo, nilipokuwa darasa la nne. Kila asubuhi nilipita kwake nikanywa kikombe, na mwanawe mmoja tulikaa naye dawati moja. Asubuhi moja baba alimkamata. Misokoto ya bangi ilikuwa ndani ya debe lake la unga, chini kabisa. Jioni kabla ya kesi, baba alisimama mezani kwetu akijifunza ushahidi wake kwa sauti, kama alivyofanya kila mara: mshtakiwa, majina yake matatu, alipatikana mahali fulani akiwa na kadha wa kadha. Alilirudia jina lile mpaka mama akamwambia anyamaze tule. Mama wa uji alifungwa miaka mitano. Baba alipandishwa cheo, na kabla ya mwaka kwisha tukahamishiwa mji mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza jina la mtu wa bangi, hilo ndilo ninalolijua. Yule mama wa miwani akalichukua, akalinakili polepole kwenye karatasi ndogo nyeupe, akaibandika kwenye kichupa. Ndiyo desturi ya klabu: chupa lazima iwe na jina la mwenyewe. Nilitaka kumwambia abandue lakini ningesema nini?

Nilikificha kichupa jikoni, nyuma ya kopo la unga wa wimbi. Asubuhi nilipika uji mwororo, nikatia maziwa na kijiko cha siagi ya karanga, nikadondosha tone, nikakoroga hadi mkono ukauma. Nilimpelekea baba nikasimama mlangoni. Alikula kijiko cha kwanza. Akatulia. Akakitazama kijiko. Kisha akala cha pili, cha tatu, na alipofika cha tano akaweka bakuli chini na kusema asante, Mama, kama siku zote. Nilikwenda kazini nikiwa nimeloa jasho la hofu.

Siku ya pili alikula nusu bakuli, na ya tatu akalimaliza. Siku ya tano akaniuliza kama kuna yai. Nililia nikiwa natafuta sufuria ya kuchemshia, lakini furaha yenyewe haikunikaa, kwa sababu kila asubuhi nilimdanganya mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiwafumania waongo. Njia ya mwongo ni fupi; huo ulikuwa wimbo wake. Nilianza kuota nimekamatwa na baba, amevaa kofia yake, ananiuliza jina.

Jumapili ushirika ukaja kumtazama mgonjwa. Kina mama walijaa sebuleni na chapati zao na thermos za chai, wakamkuta mzee ameketi wima na kola imenyooshwa. “Bwana asifiwe!” wakasema. Mmoja akatoa ushuhuda papo hapo kwamba mfungo wao wa Ijumaa umejibiwa. Wote wakasema amina na mimi nikasema amina yangu, ndogo. Baba aliwashukuru kwa adabu. Kisha akanitazama mimi juu ya kikombe chake, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Baada ya hapo akaanza maswali. Yalikuja moja moja, bila haraka, wakati wa kukunja nguo au wakati wa taarifa ya habari. Je, Wakenya ni wengi sehemu hii? Na wa mkoa wetu? Je, wapo wazee, au ni vijana tu? Je, hufanya kazi gani, huuza vyakula? Nilijibu kila swali, na kila swali lilinipunguzia usingizi. Nilijua ninahojiwa. Sikujua shtaka ni lipi.

Alhamisi jioni niliporudi kutoka kazini nilimkuta jikoni, ameketi, ameweka kichupa katikati ya meza.

“Kaa chini, Mama.”

Nikakaa.

“Hii ni bangi,” akasema. Hakuwa anauliza.

“Ndiyo, baba.”

“Nilijua tangu kijiko cha kwanza. Unadhani walipokata utumbo walikata na pua? Ulipokwenda kazini nikaitafuta. Haikunichukua dakika kumi. Hujui kuficha. Wasiojua kuficha wote huficha kwenye unga.”

Niliangalia mikono yake, imekonda, mishipa ya kijani imejitokeza. Ilikuwa imetulia kabisa.

“Nilikwenda nayo kwenye sinki niimwage,” akaendelea. “Mfuniko ulikuwa tayari umefunguka. Nikasema ngoja nivae miwani nione imetoka wapi, nijue mwanangu anashirikiana na nani. Nikasoma jina.”

Hapo sauti yake ikabadilika. Baba yangu hakuwahi kutetemeka sauti, hata alipomzika mama.

“Nilisoma mara tatu. Sikujua kama yuko hai. Wala sikujua kama alikuja huku. Lakini watu wetu wamejaa huku, kwa nini yeye asije? Nikajiambia, kumbe ndiye anayeyatengeneza. Na anajua anayeyala ni nani, ndiyo maana akaandika majina yote matatu, ili nimtambue.” Akakigeuza kichupa, jina likanitazama mimi. “Nikakirudisha nyuma ya wimbi. Kama yeye ameamua nile, mimi ni nani nikatae?”

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwepo, manne au matano tu. Nikafungua mdomo.

“Jumamosi unipeleke kwake,” baba akasema. “Nataka kumshukuru. Na kuna neno lingine nataka kumwambia mwenyewe.”

“Sawa, baba,” nikasema.

Ijumaa yote sikufanya kazi. Nilikaa mbele ya kompyuta nikipiga hesabu moja tu. Nikimwambia kwamba jina nililiandika mimi kwa woga, na kwamba mama wa uji hajawahi kukanyaga Johannesburg, atamwaga mafuta. Akiyamwaga, hatakula, na Jumanne kuna mizani. Nisipomwambia, nitampeleka mgonjwa kwa mtu asiyekuwepo. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo yeye hakulijua na mimi nililijua tangu nikiwa kidato cha pili. Mama ndiye aliyeniambia, tena kwa kunong'ona. Mama wa uji alitoka jela akiwa mgonjwa, akaenda kwa kaka zake, akafa.

Nilijichukia. Nilimchukia pia baba kidogo, kwa kungoja miaka yote ile kuwa na neno la kusema. Chuki ile haikudumu.

Jumamosi alivaa suti. Ilimning'inia, lakini viatu alivipiga rangi mwenyewe hadi vikang'aa, kwa kitambaa na mate, kama zamani. Kwenye roboti ya kwanza nilitaka kusema, ikawaka kijani. Kwenye ya tatu nikasema, “Baba,” akajibu, “Naam,” nikamuuliza kama anasikia baridi. Nilipofika pale penye kibao cha dobi nikaegesha, na nikaona kwamba barabara imekwisha.

“Baba, hayupo humu,” nikasema. “Jina ni mimi niliyeliandika. Nilitakiwa kuandika jina nikaogopa kuandika langu, nikaandika lake. Yeye hakutengeneza chochote. Hajui chochote.”

Alikuwa akitazama mbele, kupitia kioo.

“Yuko wapi?”

“Alishafariki, baba.”

“Lini?”

“Nikiwa kidato cha pili. Baada ya kutoka jela, hakukaa sana.”

Niliwaza Jumanne, niliwaza hamsini na mbili, nikaona aibu kwamba hata wakati ule nilikuwa nawaza kilo. Kisha baba akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama kwa kujishika kwenye gari. Nikatoka mbio nikamfuata. Mlinzi wa Lubumbashi alimwona anavyokuja, ameinyoosha ile suti, na sijui aliona nini kwake, akasimama wima na kupiga saluti.

“Papa, karibu. Polepole, kuko ngazi.”

Baba akairudisha saluti ile, mkono wenyewe ukapanda.

Ndani, akamwamkia mama wa miwani kwa Kiingereza chake cha mahakamani, akamwambia kwamba binti yake ameweka taarifa isiyo ya kweli kwenye kumbukumbu zao na amekuja kuirekebisha. Yule mama akasema hakuna haja, mpendwa wangu, hapa hakuna anayejali. Baba akasema haja ipo. Akasimama kwenye kaunta mpaka faili likaletwa.

Niliitafuta ile fomu mimi mwenyewe. Nilipotaka kuichana, akanizuia mkono.

“Hatufuti wala hatuchani,” akasema. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kuandika kitabu cha matukio kituoni: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, ili lililoandikwa libaki linasomeka, na aliyekosea anatia sahihi kando. Nikapiga mstari mmoja juu ya majina matatu. Nikatia sahihi yangu kando, ya kweli, ile ya benki. Ilitoka imepinda, isingepita kwenye dawati langu.

Nilidhani tumemaliza. Baba akaomba fomu mpya. Akavaa miwani, akaegemea kaunta kwa kiwiko, akaandika jina lake mwenyewe, lote, kwa mwandiko ule wa mviringo wa shule za wamisionari. Yule mama akaandaa kichupa kipya na karatasi mpya. Baba akalisoma jina lake pale kwenye chupa, akakitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Njiani sikuthubutu kumuuliza kama anakusudia kuyatumia.

Saa kumi na mbili jioni nilimpikia uji. Sikutia kitu. Nilimwekea mezani jikoni na nikarudi nyuma hadi kwenye jokofu. Baba akatoa kichupa mfukoni, akakifungua, akahesabu matone mawili kwa sauti. Akakoroga. Akafunga macho kuomba, na katika maombi yale akalitaja jina, yote matatu, polepole, namna alivyolitaja zamani akisimama mezani kwetu, ila safari hii halikutanguliwa na neno mshtakiwa.

Alisema amina akashika kijiko. Kisha akakiweka chini.

“Watoto wake,” akasema. “Siku ile niliyomchukua. Walikula nini?”

Nilikuwa nimeliogopa swali hili bila kujua kwamba ndilo ninaloliogopa. Jibu lilikuwepo. Nilikuwa nimelifunga miaka thelathini na nane kwa sababu niliapizwa nisiliseme.

“Walikula kwetu,” nikasema. “Mama alinituma na sufuria, nikapita kwenye ule uzio uliotoboka nyuma ya kambi ya polisi. Siku ile na siku zote, mpaka shangazi yao alipokuja kuwachukua. Kama wiki tano. Mama alisema nikikuambia atanichapa.”

“Chakula changu?”

“Chako, baba. Ulikuwa ukilalamika kwamba ugali umekuwa mdogo.”

Akanitazama. Uso wake ulijikunja, nikafikiri ni maumivu, nikapiga hatua kwenda kumshika. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye kola.

“Miaka thelathini polisi,” akasema, “na nyumbani kwangu mwenyewe.”

Alikula bila kupumzika. Kijiko kiligonga bakuli, nikavihesabu vijiko hadi kumi na tano, kisha nikaacha kuhesabu. Alipomaliza alikwangua pembeni kwa kidole, kama mtoto, akanisukumia bakuli tupu.

“Ongeza, Mama,” akasema. “Jumanne si mbali.”